Nyumba imepigwa mnada. Chenji iko wapi?

"Mwanangu, hebu niangalilie hii. Kama ni deni jingine, usinambie leo."

Mama aliyenikabidhi bahasha hiyo ni mzaliwa wa Mombasa na ameishi Texas zaidi ya miaka 20. Tulikuwa jikoni kwa dada yake, alikohamia baada ya nyumba yake kupigwa mnada kwa malimbikizo ya kodi ya majengo. Mkopo wa benki yeye na marehemu mumewe walikuwa wameshaumaliza. Bili za kodi ziliendelea kuja kwa jina la marehemu, na yeye hakuwa na moyo wa kuzifungua.

Haikuwa barua ya deni. Iliandikwa na kampuni asiyoijua, ikimwarifu kwamba kuna fedha zake zimelala mahali, na kwamba akitia saini karatasi iliyoambatishwa watazitoa kwa niaba yake, wao wakibaki na asilimia 40. Mahali zilipolala hapakutajwa. Hapakutajwa kwa sababu hiyo ndiyo bidhaa yenyewe waliyokuwa wakiiuza: kujua mahali. Wala si siri. Fedha zilikuwa kwa karani wa mahakama iliyoamuru nyumba iuzwe, kwenye faili ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kaunta na kuomba kulisoma.

Nimekutana na Waswahili wengi Marekani waliopoteza nyumba, na karibu wote wanaamini jambo moja: nyumba ikishauzwa, habari imekwisha. Mdai kachukua chake, mdaiwa kabaki mikono mitupu. Sheria haisemi hivyo. Ukimpa mwenye duka noti ya elfu kumi kwa mkate wa elfu mbili, elfu nane ni zako hata kama umeondoka bila kuzidai. Mnada wa nyumba una chenji vilevile. Mdai anaruhusiwa kuchukua deni lake, riba yake na gharama zake. Kinachobaki, baada ya wadai wengine walioandikishwa kwenye nyumba hiyo, ni cha aliyekuwa mwenye nyumba.

Chenji hiyo hupatikanaje? Tuseme nyumba imeuzwa mnadani kwa dola 230,000. Deni la benki iliyoipeleka mnadani, pamoja na riba, ada za mawakili na gharama za mnada, ni dola 150,000. Zimebaki 80,000. Kabla mwenye nyumba hajanyoosha mkono, kuna foleni. Labda alichukua mkopo wa pili juu ya nyumba hiyohiyo, dola 30,000. Labda chama cha wenye nyumba mtaani kinamdai ada za dola 4,000 na kimesajili dai lake. Hao hulipwa kwanza, kila mmoja kwa zamu yake, na kwa kawaida zamu hufuata nani alisajili mapema. Mwenye nyumba ni wa mwisho, lakini yumo kwenye foleni: dola 46,000 ni zake.

Mara nyingi chenji haipo kabisa, na ni vizuri mtu ajue hilo asije akatumaini bure. Benki yenyewe inaruhusiwa kushindania nyumba mnadani, na huweka dau kwa kutumia deni inalodai badala ya fedha taslimu. Ikidai 150,000, ikataja 150,000 na asitokee wa kupanda juu yake, nyumba ni yake na hakuna cha kugawana. Ikiiuza mwaka ujao kwa bei kubwa zaidi, kwa kawaida faida hiyo haimrudii aliyeipoteza. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: nani alinunua, na kwa bei gani?

Upo mtego mmoja kwenye foleni hii ambao nimeona unawachanganya hata watu waliosoma. Foleni inawahusu waliosajili nyuma ya yule aliyeuza. Walio mbele yake hawaguswi. Chama cha mtaa kikiuza nyumba kwa deni lake la dola 6,000, na nyumba ikaenda kwa 40,000, ziada ni 34,000. Ila katika majimbo mengi mkopo mkubwa wa benki, uliosajiliwa zamani, unaendelea kuikalia nyumba ile kama kupe. Mnunuzi amenunua nyumba yenye kupe, ndiyo maana aliipata kwa bei ya chini. Aliyekuwa mwenye nyumba anaweza kudai ziada yake, lakini akumbuke kwamba saini yake kwenye mkataba wa benki haikufutwa na mnada wa chama.

Fedha zenyewe hukaa wapi inategemea nyumba iliuzwa kwa njia gani. Katika majimbo kama Florida, New York na Illinois, benki lazima ipite mahakamani, na ziada hukaa mikononi mwa mahakama. Texas, Georgia na California benki huweza kuuza bila hukumu ya jaji, kwa mamlaka iliyoandikwa ndani ya mkataba wa mkopo. Huko Texas minada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mahali panapotengwa na kaunti, mara nyingi palepale mahakamani. Kwa njia hii ziada huanzia mikononi mwa aliyeendesha mnada, na yeye ndiye wa kuandikiwa barua kwanza. Mnada wa kodi ya majengo ni njia ya tatu, na hapo fedha mara nyingi huwa kwa karani wa mahakama au mweka hazina wa kaunti.

Hii njia ya tatu inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndiyo inayowaumiza wazee wetu. Mtu mwenye mkopo wa nyumba mara nyingi benki yake humlipia kodi ya majengo kutoka kwenye malipo yake ya kila mwezi. Akimaliza mkopo, jukumu linamrudia yeye, na si wote wanaolitambua. Nyumba inayopotea kwa kodi, basi, aghalabu ni nyumba isiyo na deni la benki: ya mjane, ya mstaafu, ya watoto waliorithi bila kubadilisha jina. Kodi inayodaiwa ni ndogo na thamani ya nyumba ni kubwa. Chenji ni nono.

Kwa miaka mingi, katika majimbo kadhaa ya Marekani, serikali ilikuwa inaimeza chenji hiyo yote. Kesi iliyovunja desturi hiyo ni ya Geraldine Tyler, bibi wa miaka 94 wa Minnesota. Alinunua nyumba ndogo ya ghorofani Minneapolis mwaka 1999, akahamia makazi ya wazee mwaka 2010, na kodi ikaacha kulipwa. Deni la kodi lilikuwa kama dola 2,300. Faini na riba zikalipandisha hadi dola 15,000 hivi. Kaunti ya Hennepin ikaiuza nyumba kwa dola 40,000 na kubaki na zote. Tarehe 25 Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ilisema kaunti ilikuwa na haki ya kuuza ili kupata kodi yake, lakini haikuwa na haki ya kutumia deni hilo kuchukua zaidi ya inachodai. Jaji Mkuu John Roberts alirejea yale maneno ya Injili kuhusu Kaisari: mlipa kodi ampe Kaisari kilicho cha Kaisari, ila si zaidi ya hapo.

Kabla yake, mwaka 2020, Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan iliamua kesi ya Uri Rafaeli, ambaye kampuni yake ilikosea hesabu ya kodi na riba na kubaki ikidaiwa dola 8 na senti 41. Kaunti ya Oakland iliiuza nyumba kwa dola 24,500 na kumnyima salio. Mahakama ikasema salio ni mali ya mwenye nyumba.

Ushindi huo ni wa kweli, lakini usidhani fedha sasa zinajileta. Angalia Michigan yenyewe. Sheria iliyotungwa baada ya kesi ya Rafaeli inamtaka mwenye nyumba awasilishe fomu ya kuonyesha nia ya kudai kufikia Julai 1 ya mwaka ule nyumba ilipochukuliwa, imethibitishwa na notari (afisa anayeshuhudia saini), ikipelekwa kwa mkono au kwa barua ya rejista. Nyumba huchukuliwa rasmi Machi 31, na mnada mara nyingi huja baada ya Julai. Maana yake mtu anatakiwa adai chenji kabla hajajua kama chenji itakuwepo. Asipotuma fomu, nyumba ikaja kuuzwa kwa bei nzuri mwezi Septemba, amechelewa. Nikiri kwamba mpangilio huu unanikera. Haki iliyotolewa na majaji kwa mkono mmoja imefungiwa ndani ya miezi mitatu ambayo mtu amekuwa akitafuta pa kulala.

Kila jimbo lina saa yake. California, kwa mnada wa kodi, dai lazima liwasilishwe ndani ya mwaka 1 tangu hati ya mnunuzi iliposajiliwa. Texas, kwa mnada wa kodi, ni miaka 2 tangu siku ya mnada. Ikipita, fedha huenda kwa mamlaka zilizokuwa zinadai kodi. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: kabla ya kutafuta wakili, kabla ya kujibu barua yoyote, tafuta tarehe ya mnada na tarehe ya mwisho ya kudai. Hizo mbili ziandike kwenye karatasi, ubandike jikoni.

Sasa, kwa nini kampuni zinajua na mwenye fedha hajui? Nilipokwenda na yule mama kusoma faili lake ndipo nilipoelewa. Sheria ya Texas inamwagiza karani, kabla ya siku ya 31 tangu apokee ziada, ikiwa inazidi dola 25, amtumie aliyekuwa mwenye nyumba barua ya rejista. Wapi? Kwenye anwani yake ya mwisho inayojulikana kwenye kumbukumbu za mahakama au chanzo kingine ambacho mahakama inaweza kukipata. Na anwani hiyo, kwa mtu ambaye nyumba yake imeuzwa, mara nyingi ni nyumba ileile. Barua ya kumwambia ana fedha ilikwenda kwenye mlango ambao hakuwa tena na ufunguo wake. Ndani ya faili tuliikuta bahasha yenyewe, imerudishwa na posta, haijafunguliwa. Kampuni ile ya asilimia 40 haikufanya muujiza. Ilisoma orodha ya karani, ikamtafuta mama kwa jina la dada yake.

Sitaki kuwatukana wote wanaofanya kazi hii. Kuna kesi ngumu: warithi kumi waliotawanyika, wadai wanaogombana, mwenye nyumba aliyefariki Kigoma huku hati iko Atlanta. Mtu anayejua njia anastahili ujira. Lakini ujira una mipaka, na majimbo mengine yameiandika. Florida, mtu anayekabidhiwa haki ya kudai ziada ya nyumba iliyouzwa na benki hawezi kupata zaidi ya asilimia 12 ya ziada hiyo. Texas, kwa ziada ya mnada wa kodi, wakili hawezi kutoza zaidi ya asilimia 25 ya kilichopatikana au dola 1,000, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Anayetaka kulinunua dai lako huko lazima awe amekulipa si chini ya asilimia 80 ya thamani yake. Soma tena sentensi hizo ukiwa na mkataba wa asilimia 40 mkononi.

Karatasi zinazonitisha zaidi ni zile zinazotiwa saini bila mtu kujua ametia saini nini. Nyingine huitwa makubaliano ya huduma, kumbe ndani unakabidhi dai lako lote. Nyingine ni hati ya kuhamisha umiliki wa nyumba, na mtu husema, "Lakini nyumba si imeshauzwa? Nini kitaharibika?" Huharibika mengi. Texas, aliyepoteza makazi yake kwa mnada wa kodi ana miaka 2 tangu hati ya mnunuzi isajiliwe ya kuikomboa nyumba, kwa kumrudishia mnunuzi fedha na gharama zake pamoja na nyongeza ya asilimia 25 mwaka wa kwanza, au 50 mwaka wa pili. Saini moja kwenye hati isiyosomwa inaweza kuondoka na haki hiyo pamoja na chenji. Na yeyote anayetaka ada kabla ya kufanya lolote, mwache aende zake.

Anayetaka kusaidia, awe mtoto wa marehemu, kiongozi wa jumuiya au jirani anayejua Kiingereza, kazi yake huanzia kwenye simu kwa karani au mweka hazina wa kaunti. Uwe na namba ya kesi au namba ya kiwanja. Uliza kama kuna ziada, ni kiasi gani, nani mwingine ameshadai, fomu ipi inatakiwa, na siku ya mwisho ni lini. Kaunti nyingi huweka orodha ya ziada zao mtandaoni. Andika jina la uliyezungumza naye na tarehe. Halafu mpeleke mwenye dai posta abadilishe anwani, ili barua za baadaye zimfuate, na mwambie karani kwa maandishi anwani mpya ni ipi.

Kinachofuata ni kuthibitisha kwamba huyu ni yule. Kwa Mmarekani aliyezaliwa na jina moja hilo ni jambo la dakika tano. Kwetu sisi lina miiba. Hati ya nyumba inasema Mohamed, pasipoti Muhammad, kitambulisho cha jimbo kina jina la babu pale jina la ukoo linapotakiwa. Wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi waliandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, na karani akiona watu wawili wenye majina yanayofanana na tarehe ileile husita. Kusanya mapema: hati ya nyumba, bili za zamani zenye anwani ile, cheti cha ndoa, na kiapo mbele ya notari kinachoeleza kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja.

Mwenye nyumba akiwa amefariki, fedha ni za warithi wake, na mahakama itataka kuona uthibitisho wa urithi kwa sheria ya jimbo, hata kama ukoo umeshakaa na kukubaliana. Kikao cha familia kina heshima yake, ila karani hawezi kulipa kwa msingi wake. Akiwa hai lakini amerudi nyumbani, anaweza kutia saini mbele ya afisa wa ubalozi wa Marekani Nairobi au Dar es Salaam, kwa miadi. Na kama aliwahi kufungua shauri la kufilisika, asidai chochote kabla ya kuzungumza na wakili wa shauri hilo, kwani fedha zinaweza kuwa za wadai wake.

Msaidizi asiye wakili ana mpaka. Anaweza kutafsiri, kusindikiza, kupanga karatasi. Hawezi kusimama mbele ya jaji kumsemea mtu, wala kumtoza fedha kwa ushauri wa kisheria. Kila jimbo lina ofisi za msaada wa kisheria bila malipo kwa wenye kipato kidogo, na kesi ya ziada isiyo na mgogoro ni kazi ambayo wakili wa ofisi hizo anaweza kuimaliza kwa muda mfupi. Mkalimani wa Kiswahili aombwe mahakamani mapema, kwa maandishi.

Wengi wanaosoma haya wana nyumba Kenya au Tanzania waliyoiweka rehani, kwa hiyo niseme machache. Huko pia chenji ni ya mwenye mali. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 101, inapanga foleni ya mapato ya mnada, na mwisho wake ni yule aliyekuwa na haki ya kulipa deni na kuikomboa ardhi. Kifungu cha 97 kinaitaka benki itafute bei nzuri inayowezekana, na bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi inamfungulia mdaiwa mlango wa kulalamika mahakamani. Kabla ya hapo dalali lazima atoe notisi ya siku 45. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 nayo haimruhusu mkopeshaji kubaki na salio. Tatizo la kule ni kwamba watu hawaombi hesabu. Nyumba ikiuzwa, iandikie benki ikupe taarifa kamili: iliuzwa kiasi gani, kwa nani, deni lilikuwa kiasi gani siku hiyo, na kila gharama iliyokatwa ina risiti gani.

Yule mama alikuwa amebakiwa na miezi saba ndani ya ile miaka miwili. Wakili wa msaada wa kisheria aliwasilisha ombi, nakala zikapelekwa kwa wahusika wote wa kesi ya awali siku 20 kabla ya kusikilizwa, kama sheria inavyotaka. Watoto wake watatu, warithi wa baba yao, walitia saini kila mmoja alipo, mmoja wao Mombasa. Mbele ya jaji mambo yalichukua muda mfupi kuliko tuliokaa kwenye foleni ya ukaguzi mlangoni. Jaji aliuliza, kupitia mkalimani, kama kuna mtu amemlipa au kumuahidi chochote kwa ajili ya dai hili. Mama akasema hapana, kisha akafungua mkoba na kumwonyesha ile barua ya asilimia 40, bado haijatiwa saini.